Pikipiki ya Ishirini na Nne

Egidi alikishika kifaa cha GPS kwa mkono wa kushoto, akauvuta waya wake mwekundu, na kwa koleo akaukata pale palipokuwa na fyuzi. Kipande kikaanguka kwenye vumbi la banda, karibu na vingine zaidi ya kumi.

"Hiyo unaitupa, shemeji?" aliuliza Cuthbert, mdogo wa mke wake, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha pikipiki ile.

"Bosi haitaki. Ndiyo mnayoichomoa ninyi. Mtu akitaka kwenda kwenye mambo yake anafungua siti, anachomoa fyuzi, GPS inakufa. Jioni anairudisha, anasema mtandao ulikuwa chini."

"Na mtandao wa kule Ukata si uko chini kweli?"

"Uko chini kweli. Ila si kila Ijumaa."

Cuthbert alicheka, akasogea kumshikia mwisho wa waya. Alikuwa kijana mrefu wa miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa Liuli, na tangu apande huku milimani alikuwa akilala kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya dada yake. Pikipiki aliichukua kwa mkataba kutoka kwa Mzee Othmar, mwenye pikipiki ishirini na nne pale Mbinga. Zikibaki wiki chache kama hivi za kulipa kabla ya kukabidhiwa kadi ya umiliki, waendeshaji huanza kuiita pikipiki "yangu", na Cuthbert alikuwa ameshaanza.

Egidi aliuchomelea waya mwekundu kwa risasi moja kwa moja kwenye waya mkubwa wa betri. Mweusi akaubana kwenye boliti ya fremu. Wa tatu akaupitisha kwenye rilei na waya wa swichi, ili Mzee Othmar akiwa nyumbani kwake aweze kuzima injini kwa simu. Kisha akarudi kwenye ule mwekundu, akaupitisha chini ya tenki, katikati ya bati na chuma, mahali ambapo mkono haufiki mpaka tenki lishushwe. Akauzungushia tepu nyeusi. Chuoni Songea walikuwa wamefundishwa siku ya kwanza kwamba waya ukitoka kwenye betri bila fyuzi, likitokea la kutokea hakuna wa kuuzuia. Alilikumbuka somo lile. Alikumbuka pia kwamba banda alilokaa lilikuwa la Mzee Othmar, na kazi ilikuwa ya pikipiki zote ishirini na nne.

"Mpaka shemeji yako umemfunga pingu, fundi," alisema Tobias, mwendeshaji mwenzake Cuthbert, aliyekuwa akisubiri zamu. "Hata mahari hujamaliza."

"Mahari ya Wanyasa nani aliwahi kuimaliza?" Egidi akajibu.

"Ngojeni," alisema Cuthbert, akiirudisha siti. "Siku nikikabidhiwa kadi, hiki kidude nitakichoma moto mbele ya kijiwe kizima. Mtakuja kuota."

Wote walicheka. Baadaye kijiwe kizima kiliyakumbuka maneno hayo.


Wiki ya tatu ya Mei, kahawa za kwanza zikiwa zimeanza kuiva, Cuthbert alirudishwa mjini saa kumi jioni, amekaa mbele kwenye gari la mizigo lililotoka Litumbandyosi. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeviringwa khanga ya mama fulani wa njiani. Alikuwa amejaribu kuuzima moto kwa mchanga, na mchanga uliposhindwa alitumia sweta lake, na sweta lilipowaka alitumia viganja.

Hospitalini walimsafisha na kumfunga bendeji mpaka kwenye vifundo vya mikono. Gertrude, dada yake, alimshikia kikombe cha uji. Alikuwa mwanamke mwenye maneno machache.

"Ilianzia wapi?" Egidi aliuliza.

"Nilisikia harufu ya plastiki inaungua," alisema Cuthbert taratibu. "Nikasimama. Nikaangalia tairi la nyuma, nikaangalia breki, sikuona kitu. Nikakaa kidogo ipoe. Nilipoipanda tena, sikufika mbali. Nikaona moshi unatoka chini ya tenki, shemeji."

Egidi aliinamisha kichwa. Njia ya Litumbandyosi ni ya mawe. Wiki sita za mawe, tenki likigongagonga juu ya chuma, na katikati yake waya. Hakuhitaji kuiona pikipiki kujua tepu ililika lini, na mpira wa waya ulilika lini.

"Pole sana," alisema.

Cuthbert alimtazama kana kwamba anasubiri neno jingine. Halafu akafungua mdomo, dada yake akamnywesha uji.


Mzee Othmar hakwenda polisi. Alisema yeye ni mtu wa watu, mambo yamalizwe ofisini kwa mtendaji. Siku ya Alhamisi walikutana huko: Mama Kunigunda mtendaji nyuma ya meza yake, Mzee Othmar na simu yake, Cuthbert na bendeji zake, Egidi, na Tobias aliyeitwa awe shahidi wa kijiwe. Gertrude alikaa kwenye benchi la mlangoni, amempakata mtoto wao Glorious.

"Mama mtendaji, mimi sisemi sana," alisema Mzee Othmar. "Simu ndiyo itasema. Tazama hapa. Saa nane na dakika kumi, GPS imezimika. Watu wa kijijini wanasema moto wameuona saa nane na nusu. Dakika ishirini hizo kijana alikuwa anafanya nini?"

"Nilikuwa nimesimama," alisema Cuthbert. "Nilisikia harufu."

"Ulisimama, kifaa kikafa. Halafu pikipiki ikaungua. Mimi ni mzee, ila si mjinga." Akamgeukia Tobias. "Sema ulichokisikia kwake."

Tobias alikuna shingo. "Ilikuwa utani, mzee."

"Sikukuuliza ilikuwa nini. Alisemaje?"

"Alisema atakichoma moto." Tobias aliyasema hayo akitazama sakafu. "Lakini baada ya kukabidhiwa kadi, mzee. Siyo kabla."

Mama Kunigunda aliandika. Alikuwa anaandika polepole, kwa herufi za kulala, na kila mtu alisubiri kalamu isimame.

"Fundi," alisema. "Wewe ndiye uliyekifunga hicho kifaa?"

"Ndiyo, mama."

"Kingeweza chenyewe kuwasha moto?"

Egidi alizisikia dakika ishirini zile kama alikuwepo: waya umegusa chuma, umepata joto, kifaa kimekosa umeme na kunyamaza, mpira unayeyuka kidogo kidogo chini ya tenki, karibu na bomba la mafuta, na kijana amechuchumaa nyuma anatazama breki. Katika chumba kile ni yeye tu aliyezielewa. Aliona Mzee Othmar amekunja mikono, hana wasiwasi wowote. Aliliona banda. Aliziona pikipiki nyingine ishirini na tatu, na nyaya zake.

"Nilikifunga vizuri," alisema.

Mama Kunigunda akamgeukia Cuthbert. "Ulikuwepo wakati anakifunga?"

"Nilikuwepo."

"Uliona kasoro yoyote?"

Cuthbert alimtazama shemeji yake, na Egidi akayaondoa macho yake akayapeleka dirishani. Kisha kijana akageuza shingo, akatazama mlangoni, kwenye benchi.

"Mimi si fundi, mama," alisema.

Alipoulizwa kama atalipa, hakukataa, ikaandikwa kwamba amekubali kulipa pikipiki. Hakuweza kushika kalamu. Walimpaka wino kwenye kidole gumba cha mguu, Tobias akimshikilia begani asianguke, na hakuna aliyecheka. Kesho yake alipanda gari la Liuli. Gertrude alimfungia mkoba shingoni kama mtoto wa chekechea anayepelekwa shule.


Wiki iliyofuata Egidi alizunguka vijiweni. Alimwita mwendeshaji mmoja mmoja, akashusha tenki, akafanya kazi kwa robo saa, akalirudisha.

"Unafanya nini, fundi pingu?" waliuliza.

"Nakaza nyaya."

"Bei gani?"

"Bure."

"Tangu lini Mmatengo akatoa kitu cha bure?" alisema mmoja. "Angalia asije akakuongezea GPS ya pili."

Egidi alicheka nao. Hakumweleza mtu yeyote anachokiweka. Alikuwa amejiambia kwamba asiungue mwingine, hilo ndilo kubwa, na mengine yatapata siku yake. Jumamosi alimaliza ya mwisho, akarudi nyumbani amechoka na kwa mara ya kwanza tangu moto ule alikula akashiba.

Gertrude alikuwa anafua suruali za kazi za mumewe. Katika mfuko mmoja alikuta karatasi ya duka la vipuri, imekunjwa mara nne. Aliikunjua, akaisoma, akaikausha mikono yake kwenye khanga, akaisoma tena.

"Baba Glorious," alisema. "Fyuzi ni nini?"

"Ni kitu cha umeme."

"Kinafanya nini?"

"Umeme ukizidi, inakatika yenyewe. Kitu kisiungue."

"Umenunua ishirini na tatu."

"Ndiyo."

"Pikipiki za Mzee Othmar si ni ishirini na nne?"

Mtoto alikuwa anacheza na povu la sabuni. Gertrude aliiweka karatasi juu ya jiwe la kufulia, akaiwekea kopo isipeperuke, akarudi kwenye beseni, akaendelea kuzisugua zile suruali kwa muda mrefu kuliko uchafu ulivyokuwa.

"Cuthbert alijua?" aliuliza hatimaye, bila kuinua kichwa.

"Aliniona nikiikata."

"Na pale ofisini ukanyamaza."

"Mzee Othmar ndiye aliyesema nizitoe. Ningesema, tungekula nini? Banda lake, kazi yake."

"Mimi sijakuuliza tungekula nini." Alikamua mguu wa suruali mpaka maji yakakoma. "Kesho twende Liuli. Utayasema mwenyewe. Mimi siwezi kuyabeba mpaka kwa baba."


Kwa desturi neno zito la mkwe hupelekwa na mshenga, na mshenga wao, Joakim, alikuwa bado hai na mwenye nguvu. Lakini Egidi alijua kwamba Joakim angelilainisha lile neno njiani mpaka lifike halina uzito. Alikwenda bila yeye.

Walifika mchana. Mzee William, baba yake Gertrude, alikuwa ametoka ibadani, bado amevaa shati jeupe lililofungwa kifungo cha juu. Aliwapokea kabla hawajabisha hodi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Karibuni. Karibuni sana." Akawatolea viti viwili, yeye akakaa kwenye gogo. Cuthbert alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini, bendeji zake zimebadilika rangi. Alimsalimia shemeji yake kwa kichwa.

Egidi alivuta pumzi ili aanze, lakini mzee alimtangulia.

"Nimefurahi umekuja mwenyewe," alisema. "Nilikuwa nataka kukutumia Joakim. Mkwe, tusamehe. Ulimpokea huyu kijana kwako, ukamlisha, ukamtafutia kazi kwa bosi wako, na yeye amekulipa aibu. Mimi sijui aliingiwa na nini. Anasema hakuichoma. Lakini amekubali mbele ya serikali, na mtu hakubali kitu ambacho hakufanya." Alikohoa. "Usiwe na hofu kwamba bosi wako atakudai wewe. Lile shamba la mpunga la huku mtoni nimeshaongea na mtu wa kulinunua. Ameshatoa nusu. Atalichukua mpunga ukishatoka."

Mama mkwe, kama ilivyo kawaida, hakuja kukaa na mkwe wake. Kutoka jikoni walimsikia anakwangua samaki. Kisu kilikuwa kinakwenda haraka, halafu kikasimama, kwa maana Egidi alikuwa ameteremka kwenye kiti na kukaa chini.

"Baba, hakuichoma," alisema.

Akaeleza yote. Hakuruka kitu. Alieleza fyuzi ni nini, nani alisema itolewe, nani aliyeikata, waya ulipita wapi, na ofisini aliulizwa nini na alijibu nini. Mzee William alisikiliza akitazama mikono ya mwanawe.

"Ulijua?" alimuuliza Cuthbert.

"Nilijua, baba."

"Mbona hukusema?"

"Dada alikuwa amekaa mlangoni," alisema Cuthbert.

Gertrude aliinuka, akaenda jikoni kwa mama yake. Mzee alikitazama kivuli cha paa mpaka kikafika kwenye vidole vyake.

"Mkwe," alisema, "umeniambia mimi. Mimi sikuwa ofisini."

"Nitakwenda, baba. Kesho."

"Tutakwenda wote."


Mama Kunigunda alifungua daftari lake, akalisoma jibu la Egidi kwa sauti, mara mbili. "Nilikifunga vizuri. Si ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo, mama. Nilisema uongo."

"Na leo?"

"Leo nasema kweli. Sikuweka fyuzi. Hakuna hata pikipiki moja niliyoiwekea. Mzee Othmar alisema nizitoe."

Mzee Othmar alikuwa ameitwa kwa simu, na alikuja bila haraka. Aliposikia, hakukasirika. Alimtazama Egidi kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Mama, huyu fundi ni shemeji yake mtuhumiwa. Mkwe wa mzee huyu hapa. Shemeji kumtetea shemeji ni jambo jema, mimi simlaumu. Lakini tusibishane. Pikipiki zangu zipo hapo nje, mbili tatu. Zifunguliwe."

Wakatoka. Tobias alikuwa amepaki chini ya ukingo wa paa. Egidi mwenyewe ndiye aliyeshusha tenki, polepole, kwa sababu alikuwa ameshaelewa. Chini yake ulikuwepo waya mwekundu, umefungwa vizuri, na katikati yake fyuzi mpya, inang'aa.

"Hii ni nini, fundi?" aliuliza Mzee Othmar.

"Nimeiweka wiki iliyopita. Nimeziweka zote. Niliogopa wasiungue wengine. Risiti ya duka ninayo."

"Fundi kununua fyuzi ni kama mpishi kununua chumvi. Tobias, wiki iliyopita alikuwekea kitu?"

Tobias aliangalia pikipiki yake, ambayo mkataba wake ulikuwa haujafika hata nusu. "Alishusha tenki," alisema. "Alisema anakaza nyaya."

"Alikuambia ameweka kitu?"

"Hapana. Alisema anakaza nyaya."

Na kweli ndivyo alivyosema, kwa kila mmoja, katika kila kijiwe.

Mama Kunigunda aliwaangalia kwa zamu. Hakuwa mtu mbaya. Aliwaambia warudi ndani, akaandika maneno mapya ya fundi chini ya yale ya zamani, akapiga mhuri, akasema kwamba yeye anaandika anayoambiwa na anayoonyeshwa, na leo ameambiwa hivi na ameonyeshwa vile. Asiyeridhika aende mahakamani. Mzee Othmar alishukuru, akasema kwa upole kwamba banda analihitaji mwisho wa mwezi, kuna fundi mwingine anakuja.

Nje, Cuthbert alimsogelea Egidi. "Basi, shemeji," alisema. "Umeshasema." Hakuwa na hasira, na Egidi alitamani angekuwa nayo.

Walitembea mpaka stendi, Mzee William mbele, na njiani waendeshaji wa kijiwe waliwapisha. Gari la Liuli lilikuwa linapakia. Gertrude alikuwa ameshafika na Glorious mgongoni, na begi lile kubwa, lile alilokuja nalo wakati wa harusi.

"Unawasindikiza?" Egidi aliuliza.

"Mpunga umekomaa. Mama peke yake hataweza, na Cuthbert hawezi kushika mundu."

"Utarudi lini?"

Alimpandisha mtoto kwanza, akamkalisha dirishani. "Ni mavuno ya mwisho, Baba Glorious," alisema. "Acha tuvune kwanza."

Mzee William alikuwa wa mwisho kupanda. Kwenye ngazi alisimama, akageuka, akampa Egidi mkono, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu.

"Kaa salama, fundi," alisema.

Gari likaondoka. Egidi alibaki pale, akiutafuta uso wa mtoto nyuma ya kioo.